Waliosimama na Argyll

Za Edinburgh ni chache: tulitembea, tukala, tukapigwa na upepo. Kilichonikaa rohoni ni duka moja la vitambaa vya tartani, ambako kijana wa kaunta alimuuzia baba mkwe wangu cheti chenye nembo na maandishi ya dhahabu. Kilisema kwamba babu yake, Campbell, aliuawa na Waingereza katika vita vya Flodden, tarehe 9 Septemba 1513. Mzee amekuwa akitafuta asili yake tangu astaafu. Alikipokea kwa mikono miwili.

Nilitoka mle nimefura kwa hasira, na hadi leo haijaniisha. Askari wa kawaida wa mwaka 1513 utampatia wapi jina? Rejista ya parokia iliyo kongwe kuliko zote Scotland, ile ya Errol, inaanza 1553, miaka 40 baada ya vita. Parokia nyingi za milimani zilianza kuandika baadaye sana. Waliotajwa ni wakubwa: Mfalme James wa Nne mwenyewe, aliyefia palepale, na malodi wake. Tena kuitwa Campbell si lazima iwe damu. Wapo waliolitwaa jina la chifu kwa sababu walilima ardhi yake au waliishi chini ya ulinzi wake. Kumuuzia mzee marehemu wa kubuni ni dhuluma.

Sikumwambia kitu. Kesho yake tukavuka mto Tweed hadi Branxton, upande wa Uingereza, ambako vita vile vilipiganwa. Kijijini kuna kibanda chekundu cha simu kilichogeuzwa kituo cha wageni. Mzee aliingia, mimi nikangoja nje kwa sababu hakitoshi watu wawili. Tukapanda hadi kwenye msalaba wa mawe uliosimamishwa 1910 kwa ajili ya mashujaa wa mataifa yote mawili.

"Mwanangu," akasema, "kile cheti ni cha uongo, sivyo?"

"Ndiyo, Baba. Hakuna anayeweza kujua hayo."

"Nilishuku tangu dukani. Lakini akina Campbell walikuwepo hapa. Nionyeshe waliposimama."

Nikamwonyesha kilima kilichotukabili. Waskoti walishuka kutoka kule na mikuki ya takriban mita 5, silaha ya kutisha maadamu safu haijavunjika. Bondeni kulikuwa na kijito na matope. Safu zikavurugika, na Waingereza wakawaingilia kwa miundu ya vita yenye mipini mifupi zaidi, wakiikata ile mikuki.

Mzee akataka kushuka. Nilimkataza, hakunisikia. Kule chini buti lake lilizama hadi kifundoni. Akalichomoa, akaligeuza kutazama udongo mzito ulioganda kwenye soli.

"Na Argyll?"

Archibald Campbell, lodi wa Argyll, alikuwa upande wa kulia pamoja na lodi wa Lennox na watu wa milimani. Wao walibaki juu. Edward Stanley, wa upande wa Waingereza, akapanda na wapiga mishale wake kwa ubavuni, akiwa amefichwa na mteremko, akawatokea ghafla. Malodi wote wawili walikufa.

Mzee akapima kilima kwa macho.

"Kwa hiyo hawakumwona anakuja."

"Hawakumwona, Baba."

"Basi twende huko alikopandia," akasema, na tayari alikwishatangulia.