Binti na vishale

Baba watoto hataki binti yetu acheze vishale. Anasema ni mchezo wa baa, tena wa wanaume. La baa simbishii. Mtaani kwetu ubao uko huko kweli.

Hilo la wanaume lilikwisha Desemba 2019, ukumbi wa Alexandra Palace, London, kwenye ubingwa wa dunia. Fallon Sherrock, msusi wa nywele, alimfunga Ted Evetts seti 3-2, mwanamke wa kwanza kushinda mechi pale. Raundi ya pili akamtoa Mensur Suljović, mzoefu yule!

Vishale havitaki misuli. Unashuka toka 501 hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie dabo. Hesabu hizo binti anazipiga kichwani upesi kuliko baba yake. Ubao nimeshaagiza, tutautundika sebuleni.