Mwalimu ana vikombe vya kutosha

Ujumbe uliingia Jumanne jioni kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la pili, wiki mbili kabla shule hazijafungwa. Kila mzazi atoe Sh10,000 ya zawadi ya mwalimu wa darasa. Chini yake kulikuwa na orodha ya majina. Waliokwishatoa waliwekewa alama ya tiki, waliobaki waliandikiwa "bado".

Mama mmoja anayeuza viazi Mwanjelwa, jijini Mbeya, alikuta jina lake kwenye kundi la "bado". Si kwamba hakutaka kutoa. Mwanawe alianza mwaka hajui kusoma hata jina lake mwenyewe. Kufikia Oktoba alikuwa anamsomea mama yake maandishi ya kwenye mifuko ya unga na ubavuni mwa bajaji. Kazi hiyo aliifanya mwalimu mmoja mwenye watoto zaidi ya 80 darasani, wakati kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja.

Mama alijua ana deni la shukrani. Lakini Desemba ni mwezi wa kupanda, fedha yote ilikuwa imeingia kwenye mbegu na mbolea. Kuonekana hajatoa, mbele ya wazazi wenzake zaidi ya 60, kulimfanya azime data.

Usiku alimpigia dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi ya serikali wilayani Kilolo, mkoani Iringa, mwenye miaka 19 kazini.

"Shikamoo dada. Hivi nyie walimu mnapenda mpewe nini?"

"Marahaba, mdogo wangu. Vikombe, hapana." Dada akacheka. "Ninavyo kumi na moja vimeandikwa mwalimu bora, na nyumbani tuko watatu."

Dada akaanza kuhesabu. Saa za ukutani anazo nne, mbili hazijawahi kutiwa betri. Maua ya plastiki aliyagawa. Doti ya kitenge ni nzuri, lakini kitenge kinadai fundi, na fundi wa Desemba hashikiki, wala bei yake. Kuna mwaka alipewa jogoo hai siku ya kufunga shule, naye alfajiri ya kesho yake alikuwa na safari ya basi kwenda Mbeya. Jogoo akabaki kwa jirani, na hakuonekana tena. Mzazi mwingine alileta dumu la ulanzi kwa moyo mweupe kabisa. Bahati mbaya mwalimu ni mlokole.

Na keki. Wazazi waliwahi kumletea kubwa yenye jina lake juu. Alishukuru, akaikata, akawagawia walimu wenzake, kisha akanywa chai isiyo na sukari. Wakati huo alikuwa na miezi mitatu tangu aambiwe ana kisukari, na hilo si jambo ambalo mtu hulitangaza kwenye kikao cha wazazi. Kwa hiyo mzazi anayefikiria keki, katoni ya soda au mfuko wa sukari ni vizuri afikirie mara mbili. Mchele wa Kyela kilo tano, maharage au mafuta ya kupikia vitaliwa na nyumba nzima, na Januari vitakumbukwa.

"Sasa kipi ulikipenda?" mdogo mtu akauliza.

Dada hakufikiri sana. Mabuti ya mvua. Njia ya kwenda shuleni kwao ikishanyeshewa ni utelezi mtupu, na kwa miaka alikuwa akivuka na viatu mkononi. Baba mmoja, mkulima, alimwona. Hakumuuliza namba ya kiatu. Alisubiri apite, akapima alama ya mguu wake kwenye tope kwa kijiti, akaenda nacho dukani Ilula. Mabuti yalimkaa sawasawa. Huu ni msimu wake wa sita kuyavaa.

Cha pili ni chupa ya chai. Asubuhi za Iringa na Mbeya zina baridi, hilo kila mtu analijua. Kisichofikiriwa sana ni koo la mwalimu. Anasema kwa saa nyingi, juu ya kelele za watoto, katikati ya vumbi la chaki, na sauti kukwaruza ni moja ya maradhi ya kazi yake. Maji ya uvuguvugu anayokunywa kidogo kidogo kati ya vipindi humsaidia. (Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, zawadi si dawa. Aende hospitali akapimwe.)

Kuna mwaka wazazi walijichanga wakamletea mfuko wa mbolea ya kupandia, akapanda mahindi kwa wakati. Zawadi ya namna hiyo huwezi kuiona dukani ukiwa na haraka. Inatoka kwa mtu anayejua kwamba mwalimu naye ana shamba, ana watoto, na ana Januari kama wenzake.

Kisha dada akasimulia zawadi aliyoirudisha. Ilikuwa wiki moja kabla ya kujaza ripoti za wanafunzi. Baba mmoja alimfuata nyumbani na kilo tano za nyama na bahasha yenye Sh50,000, akaomba kijana wake "asiachwe nyuma". Mwalimu alirudisha vyote. Mwaka mzima baba yule hakuitika salamu yake. Lililomuuma zaidi ni mtoto. Alikuwa akikaa mbele na kunyoosha kidole kila mara. Baada ya hapo akahamia nyuma, na mwalimu akimtazama anainamisha kichwa.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haijali kitu kimefungwa kwenye karatasi gani. Kinachotolewa ili mtoto apendelewe ni rushwa, hata kiwe nyama. Ndiyo maana wakati wa kutoa una uzito kuliko kitu chenyewe. Ripoti zikishatoka, alama zikishaandikwa, shukrani inakuwa shukrani. Na kama ni kitu kikubwa, kitoke kwa wazazi wote na mwalimu mkuu ajue.

"Halafu msiwabebeshe watoto," dada akasema. Zamani alipokea zawadi darasani, watoto wamepanga mstari. Mmoja alileta kipande cha sabuni ya mche, amekifunga kwa karatasi ya daftari. Wenzake wakacheka. Mtoto alikiweka mezani, akatoka mbio, na siku ya kufungua shule Januari hakuja. Ilibidi mwalimu amfuate kwao. Tangu siku hiyo hapokei kitu mbele ya wanafunzi.

Mdogo mtu alikaa kimya kwenye simu. Mtoto wa yule aliyeandikwa "bado" ndiye angekuwa na sabuni.

Asubuhi aliwasha data, akaandika kwenye kundi. Aliomba orodha ya majina iondolewe, kila mzazi atume alichonacho moja kwa moja kwa mweka hazina, na asiye nacho asiulizwe. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, neno "mchango" huwafanya wazazi wengi wakae chonjo, naye alijua kuna watakaoguna. Kwa saa mbili hakuna aliyejibu. Kisha mzazi mmoja akaweka dole gumba, wa pili, wa tano. Orodha ikafutwa. Fedha zikaanza kuingia, Sh2,000, Sh5,000, mmoja Sh20,000. Yeye alituma Sh3,000.

Walinunua chupa ya chai, mwavuli imara na mchele wa Kyela.

Dada alikuwa amemwambia jambo moja la mwisho kabla salio halijakata: katika miaka 19 ana barua nne tu za wazazi, na zote anazo. Ya kwanza iliandikwa na jirani kwa niaba ya bibi asiyejua kusoma, aliyetaka mwalimu ajue kwamba mjukuu sasa ndiye anayemsomea ujumbe wa simu.

Kwa hiyo Alhamisi usiku mama alimpa mwanawe karatasi na penseli. Kijana aliandika mistari mitatu kwa nusu saa, ulimi nje. Aliandika "mwalim" bila "u". Mama alichukua kifutio, akakirudisha mezani.

Siku ya kufunga aliipeleka mwenyewe ofisini, watoto wakiwa wameshaondoka. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama.

"Umemwandikia?"

"Hapana, mwalimu. Kaandika mwenyewe."

Mwalimu akavuta kiti, akakaa, akaisoma tena.