Ugonjwa ni kidogo, lakini unatembea



Siku ile mliponiachia zamu ya likelemba, mama mmoja aliniuliza mlangoni: «Mama, ugonjwa wa macho wa kijana wako ni mkubwa ao ni kidogo?» Sikumjibu vizuri. Nyinyi ndio mmetoa pesa, ni haki yenu kujua. Ninajibu leo kwa maandishi.

Kijana wangu ana miaka 16. Tangu utoto macho yalimwasha, zaidi mwezi wa nane na wa tisa, wakati mavumbi ya Lubumbashi yanapanda mpaka ndani ya sahani ya bukari. Alikuwa anayasugua kwa ngumi. Mimi nilimwambia tu aoshe uso.

Alipofika miaka 14, akaanza kuomba kukaa mbele katika kalasi. Tukanunua miwani. Miezi sita ikapita, namba zikabadilika, tukanunua ingine. Ya tatu nayo ikashindwa. Baba yake alisema ni uvivu wa masomo. Mimi nilisema muuza miwani anatudanganya. Nilikuwa napima ugonjwa kwa kilio: mtoto halii, jicho si jekundu, basi hakuna kitu.

Munganga wa macho ndiye alinifundisha kupima. Alimwambia kijana aangalie ndani ya mashini yenye miduara myeusi na myeupe. Miduara hiyo inaonekana juu ya jicho kama juu ya kioo. Jicho likiwa zima, inakaa sawasawa. Ya kijana wangu ilivutwa kwa chini, kama yai. Munganga akasema jina: keratokoni. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inakuwa nyembamba na kuchongoka polepole.

Wanapima vitu vitatu: konea imepinda namna gani, ina unene gani, na kama imepata kovu. Munganga Marc Amsler wa Uswisi ndiye aliyegawa ugonjwa huu kwa hatua 4, karne iliyopita, na waganga wengi wanazitumia mpaka leo. Mpindo wa kawaida ni karibu 43 ao 44. Chini ya 48 ni hatua ya kwanza. Kutoka pale mpaka 53 ni ya pili. Ikipita 53 ni ya tatu. Ya nne ni mpindo mkali pamoja na kovu katikati. Miwani haisaidii tena, na mara nyingi dawa inayobaki ni kubadilisha konea. Unene wa kawaida ni karibu mikroni 540, ni kusema nusu ya milimita na kidogo.

Jicho lake la kuume lilikuwa na mpindo 49 na unene 450. Hatua ya pili. Nikapumua. Munganga akaniangalia: «Mama, usifurahi bado. Namba moja ni picha ya leo tu. Rudi kisha miezi sita, tuone kama inakimbia.» Akaeleza kwamba mtu mzima wa hatua ya pili anaweza kukaa hivyo miaka mingi, lakini kwa kijana ugonjwa unaweza kwenda mbio.

Tulirudi. Mpindo 51. Unene 435.

Basi, mama uliyeniuliza, jibu ni hili: ugonjwa ni kidogo, lakini unatembea. Kuna tiba ya kuufunga: matone ya vitamini B2 na mwanga maalum, vinavyokaza konea. Ilianzia Dresden, Ujerumani, miaka ya 1990. Hairudishi macho ya zamani, inalinda yaliyobaki. Na kwa kawaida inataka unene wa 400 angalau. Tumebaki na 35 tu juu ya mpaka huo. Ndiyo sababu sikungoja zamu yangu, na ndiyo sababu nawashukuru.

Mtoto wako akisugua macho kila siku, mpeleke atibiwe huo mwasho, na umkataze kusugua. Miwani ikibadilika mara mbili kwa mwaka, omba konea ipimwe. Na karatasi ya vipimo usiitupe. Ya kwangu naiweka pamoja na kadi ya ubatizo, kwa sababu bila ile ya kwanza, ya pili haingetuambia kitu.