Mtoto Asiyesikia

Katika ripoti ya muhula niliandika neno moja tu mbele ya jina la mvulana mmoja wa kidato cha pili: "Hasikii." Ndugu walimu, mwajua jinsi kitenzi hiki kilivyo na maana mbili, ya sikio na ya utii. Mimi nilikusudia kwamba kijana yule ni mkaidi. Akiitwa asome, hutazama dirishani. Akiulizwa, hukunja uso. Na siku moja alitoka darasani ingawa nilikuwa nimemwamuru akae. Kamati ya nidhamu ilipokutana, neno langu ndilo lililosomwa, naye akasimamishwa masomo kwa majuma mawili.

Mama yake alikuja juma lilo hilo. Kiswahili chake ni cha sokoni, kama kilivyo cha wengi katika mji wetu wa magharibi ya Uganda, naye alilipokea neno lile kwa maana yake ya kwanza.

"Mwalimu," alisema, "masikio ya mwanangu ni mazima. Nyumbani nikimwita hata kwa sauti ya chini anaitika. Ndiye anayeteka maji, ndiye anayewalaza wadogo zake."

Nilipomweleza nilichokusudia, alinitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Nami nikakata shauri moyoni kwamba anamfichia mwanawe. Ndivyo tulivyo walimu: mzazi akitupinga, twasema anatetea damu yake. Nao wazazi, wakishatoka langoni, husema mwalimu ana chuki.

Wakati huo sikuwa nimesoma uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1987 na Thomas Achenbach na wenzake wawili. Walikusanya tafiti 119 zilizolinganisha taarifa za watu mbalimbali kuhusu matatizo ya tabia na hisia za watoto. Katika kipimo chao, 0 maana yake taarifa mbili hazihusiani kabisa, na 1 maana yake zinakwenda sambamba. Watu wa daraja moja, kama baba na mama, walipata wastani wa 0.60. Watu wa madaraja mbalimbali, kama mzazi na mwalimu, 0.28 tu. Mtoto mwenyewe alipolinganishwa na wengine, 0.22. Tena watu walipatana zaidi juu ya ugomvi na utukutu kuliko juu ya hofu na huzuni. Hayo hayaonyeshi kwamba mmoja ni mwongo. Mama humwona mtoto jikoni na kisimani. Mimi humwona kwa dakika arobaini, akiwa mbele ya wenzake arobaini na zaidi, akitakiwa kusema lugha asiyoisikia kwao.

Kijana aliporejea ndipo nilipomwuliza, jambo lililonipasa kulifanya kwanza. Alinyamaza. Nikampa karatasi, nikamwambia aandike kwa lugha yoyote apendayo. Aliandika kwa lugha ya kwao, na maana yake ilikuwa hii: "Nasikia, mwalimu. Lakini ukitaja jina langu, moyo unadunda na maneno yananikimbia. Siku ile nilitoka kwa sababu nilitaka kutapika." Chini yake aliongeza kwamba usiku wa kuamkia somo langu hapati usingizi.

Habari ya usingizi mama yake hakuijua, ingawa walilala chini ya paa moja. Habari ya kutapika sikuijua mimi, niliyekuwa hatua tano kutoka dawati lake. Hata hivyo sitasema kwamba niliyoyaona hayakuwako: uso aliukunja, na mlangoni alitoka. Kosa langu ni kwamba nililichukua jambo la chumba kimoja na saa moja nikaliandika kana kwamba ndiyo tabia yake popote alipo.

Nilikwenda ofisini kuomba neno lile lifutwe. Nikajibiwa kwamba ripoti ikishatiwa muhuri haifutwi, ila naweza kuongeza maelezo. Nafasi iliyosalia ilitosha mstari mmoja. Niliandika: "Katika somo langu, ninapomwita asome."