Kihenge cha babu kipigwe picha kabla hakijaanguka

SIKU hizi neno kihenge likisikika kwenye taarifa ya habari, maana yake ni mnara wa chuma unaong'aa. Ni vile vihenge vya kisasa vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), kama vya Makambako na Shinyanga. Mtoto wa mjini hicho ndicho anachokijua, kama anakijua. Kihenge chenyewe, kilichoazimisha jina lake, kiko nyuma ya nyumba ya babu yake kijijini. Kimeinama upande mmoja na pengine kuku ndio wanaotaga humo.

Familia inayokwenda likizo kwa barabara ya Dodoma, Singida, Shinyanga hadi Mwanza bado inaweza kukutana navyo, ila mpaka gari liache lami na kuingia vijijini. Ni kama tenga kubwa lililosukwa kwa fito, limekalishwa juu ya mawe au magogo na kukandikwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Juu kina kofia ya nyasi, na kofia hiyo ndiyo mlango. Inainuliwa upande mmoja, kisha mtoto mwembamba anatumbukizwa ndani akachote mtama.

Kwa mbali hakina ajabu. Ukikikaribia ndipo ufundi unapoonekana. Fito ngumu husimamishwa, kisha zile laini hupitishwa ndani na nje kama msukaji wa kikapu anavyofanya. Zikilegea, uzito wa nafaka hukipasua. Kimeinuliwa kutoka ardhini ili unyevu na mchwa visikifikie kirahisi.

Mara nyingi baba alisuka na mama akakandika. Mama ndiye aliyejua kimebaki kiasi gani, cha kupika na cha mbegu. Watoto walikua wakijua kwamba mbegu haziliwi, hata njaa ikibisha hodi.

Mdudu aliyekula chakula na ghala

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu mgeni mwenye asili ya Amerika ya Kati aligundulika mkoani Tabora. Watu walimwita dumuzi. Wengine walimwita Scania, kwa jina la lori. Alipenda zaidi mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake, na aliweza kutoboa hata mbao na fito. Kihenge kikawa maficho yake kutoka msimu hadi msimu.

Wakulima wakashauriwa kupukuchua mahindi, kuyachanganya na dawa na kuyatia kwenye magunia. Wezi nao wakawafanya wengi wahamishie magunia chumbani. Leo iko mifuko isiyopitisha hewa, nayo inafanya kazi vizuri. Hakuna mzazi anayepaswa kurudisha chakula cha watoto kwenye fito zilizotobolewa. Kinachopotea ni ujuzi: mti upi ulifaa, ulikatwa msimu gani, udongo ulichimbwa wapi.

Kwa walioko Dar es Salaam, Makumbusho ya Kijiji, yaliyokipa jina kituo cha daladala cha Makumbusho, yana nyumba za jadi za makabila mbalimbali pamoja na ghala za nafaka. Ni pazuri pa kuanzia na watoto kabla ya safari.

Picha isiyo na maelezo haitoshi

Simu ya mzazi inatosha kwa kazi hii. Asubuhi au jioni jua likiwa chini, mwanga wa ubavuni huonyesha kila ufito. Picha moja ipigwe kwa mbali, kihenge na nyumba vionekane pamoja. Nyingine ipigwe karibu, pale fito zinapopishana, chini kinapokalia, na ndani kofia ikishainuliwa. Mtoto akisimama pembeni, ukubwa wake unajulikana.

Kisha aitwe babu au bibi. Kwanza aombwe ruhusa, kwa kuwa ghala la mtu ni siri ya nyumba yake. Arekodiwe akitaja jina la kila mti kwa lugha ya kwao, na mikono yake ipigwe picha akionyesha fundo la kwanza. Kama nguvu bado zipo, asuke kadogo kama kikapu, mjukuu akishika fito.

Kihenge kikianguka, fito zake huishia jikoni kuwa kuni. Anayejua kukisuka akiondoka, picha zitabaki bila wa kuzieleza. Likizo ijayo babu atakuwa na umri mkubwa zaidi, na mchwa hawaendi likizo.