Escort ya Diana, Peugeot ya Babu

Wasee, hebu tuongee kuhusu bei ya jina. Agosti 2022, huko Uingereza, Ford Escort RS Turbo nyeusi ilipigwa mnada kwa pauni 650,000. Escort, jamani! Si Ferrari. Lakini Princess Diana ndiye aliyeiendesha kuanzia 1985 hadi 1988, na ndani ina kioo cha pili cha kuangalia nyuma, kilichowekwa kwa ajili ya mlinzi wake. Hicho kioo ndicho kilinimaliza.

Mtasema ni wazimu wa matajiri. Mimi sioni hivyo. Injini utapata nyingine, aliyekaa kwenye hicho kiti humpati tena. Ila bila karatasi hiyo ni porojo tu. Hapa Nairobi kila broka ana gari "ya waziri".

Peugeot 504 ya babu yangu bado iko nyuma ya boma, kuku wanataga ndani. Baba mdogo anataka iende kwa watu wa skrapu, ipimwe kwa kilo. Sawa, babu hakuwa maarufu. Lakini logbook yenye jina lake niko nayo mimi, na siitoi.