Joto la Wodi, Baridi ya Chanjo

Nilianza ufundi wa friji Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, katikati ya miaka ya 1980, nikiwa kijana wa miaka 19. Siku hizo hatukuwaza sana juu ya umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalikuwa jirani zetu kwenye mto Lualaba, na laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700, ilikuwa imefika mjini kwa ajili ya migodi. Tulifunga viyoyozi vikubwa kuliko vyumba vilivyohitaji, tukasaini karatasi, tukaondoka. Hakuna aliyetufundisha kuhesabu umeme unaotumika.

Migodi iliongezeka, nyumba zikaongezeka, umeme ukaanza kukatika. Nilijifunza kuhesabu usiku mmoja wa Juni, katika hospitali nisiyotaka kuitaja. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi baridi yake huingia mifupani. Jenereta ilikuwa imezidiwa, inazima na kuwaka. Mkunga alinipokea mlangoni, kitenge begani.

“Papa fundi, nizime kipi? Frigo ya chanjo au hita ya wazazi?”

Chanjo hutaka nyuzi 2 hadi 8. Chumba cha kujifungulia hutaka angalau nyuzi 25, kwa sababu mtoto mchanga aliyelowa hupoteza joto upesi mno. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilichukua kipima ampea nikafuata nyaya, chumba kwa chumba. Katika ofisi tupu nilikuta viyoyozi vitatu vikinguruma gizani, vimesahauliwa tangu mchana. Nikavizima. Jenereta ikatulia, na mkunga hakulazimika kuchagua.

Asubuhi nilipanda nje kwenye mashine zile. Malori ya mgodini hupita siku nzima, na vumbi jekundu lilikuwa limeziba mapezi ya alumini hata hewa haipiti. Nilimimina maji, nikasugua polepole kwa brashi laini nisiyapinde. Tope likateremka ukutani kama la mfinyanzi. Nilipowasha tena, sindano ya ampea ikarudi nyuma. Ubaridi ni uleule, umeme umepungua, na nilichotumia ni ndoo ya maji na brashi.

Tangu hapo sikuacha. Tuliziba nyufa za milango ya chumba cha upasuaji. Tukavisha mabomba ya maji ya moto koti, maana tangi lilikuwa likipasha ukuta kabla ya kufikisha maji kwa wazazi. Tukaweka hita za jua juu ya paa. Kiangazi chetu kina baridi usiku, lakini mchana jua halikosekani. Mashine mpya, zile ambazo kompresa zake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, zilikuja mwisho, na zikawa ndogo kuliko zile za zamani.

Ndani ya mashine hizo gesi hupita katika mabomba ya shaba. Shaba huondoka hapa kwa malori, bomba hurudi kutoka ng’ambo ndani ya sanduku. Kila ninapochomelea kiungo hufanya kwa uangalifu, kisivuje, kwa kuwa najua jasho lililoitoa shaba hiyo ardhini.

Leo nina wanafunzi. Kijana akifika na kiyoyozi kipya begani, humwambia: kiweke chini, mwanangu. Nishikie brashi kwanza.